Pengo kwenye Mshale wa Tatu

Sisi watu wa Lorette, kijiji cha wenyeji wa asili karibu na mji wa Quebec, tulijua kwamba ukitaka kuiharibu siku yako mapema, chukua kazi ya mikono yako umpelekee Ursule aitazame. Haikujalisha ni kazi gani. Viatu laini vya ngozi vilivyotariziwa maua, kikapu cha magome, mshipi wa sufu wa rangi nne, vyote aliviinua kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mfu, akavigeuza mara moja, akakurudishia. "Na mwenyewe umeona imekwisha?" angekuuliza. Ukijibu ndiyo, umekwisha wewe.

Nisimwonee. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa mishipi, Ursule hakuwa na mwenzake kuanzia maporomoko ya mto wetu hadi malango ya mji wa Quebec. Na mshipi si kazi ya kuchezea. Hakuna mtambo, ni vidole vitupu. Nyuzi mia tatu za sufu unazisokota upya moja moja mpaka ziwe ngumu, unazibana katikati kwa kijiti, unazitundika kwenye kigingi cha boriti, kisha unaanza pale pale katikati kusuka kushuka chini. Shanga nyeupe zimeshatungwa kwenye nyuzi kabla hujaanza. Unazisukuma moja moja mahali pake, zipite kwenye kingo za mishale, ile michoro ya rangi inayofuatana kwenye mshipi. Ukimaliza nusu, unageuza, unasuka nusu ya pili, na hiyo lazima ifanane na ya kwanza mshale kwa mshale, ushanga kwa ushanga. Hapo ndipo wengi huumbuka. Nusu ya kwanza mtu ameisuka ana furaha, ya pili ana mafua, na mshipi unasema yote mawili.

Wa Ursule haukusema kitu. Miaka arobaini alisuka, na hakuna ushanga wake uliopatikana pasipo pake. Alikuwa akitamba hivyo hadharani, mlangoni mwa kanisa, na hakuna aliyeweza kumkanusha. Na kusema kweli hakuwa na kingine cha kutambia. Watoto wawili walichukuliwa na surua wakiwa hawajajua kusema vizuri. Juu ya hao hatukuwahi kumsikia akitamka neno. Mume wake Barthélemy, mwindaji, mtu mpole kupita kiasi, alikufa kwa kifua. Ursule alimpenda, nadhani. Lakini siku ya harusi yao alimfungua kiunoni mshipi aliosukiwa na mama yake mzazi, akautupa kwenye sanduku la kuni mbele ya wageni, akamfunga wa kwake. Mama mkwe alikaa miaka mitatu bila kumsemesha, na Ursule akasema hiyo ndiyo miaka mitatu mizuri ya ndoa yake.

Dharau yake haikuchagua. Wageni wa mjini waliokuja kututazama tukicheza ngoma, aliwaita mabata. Wanawake wenzake walikuwa mikono ya mbao. Machifu, padre, wawindaji, kwake wote walikuwa viuno tu, kimoja kinene kimoja chembamba, vya kufungia mshipi. Basi huyu mtu, mwenye kujua kuliko wote, hakumfundisha hata mmoja.

Alijaribiwa. Kaka yake Ignace alimpelekea binti yake, Malvina, akiwa na miaka kumi na mitano, mtoto wa maneno mengi asiyejua kuficha kitu. Malvina alikaa kwa shangazi yake majira yote ya baridi, akisokota sufu, akitunga shanga, na mwisho akaruhusiwa kusuka mshipi mdogo wa kwake. Alipoumaliza, nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliokuja na tarizi zao. Ursule aliupokea ule mshipi kwa vidole viwili, akautazama, akamwita mbwa wake aje. Akamfunga nao shingoni.

"Haya, tazameni," akasema. "Mbwa amepata nguo ya Jumapili."

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana afadhali kazi ya Malvina iende shingoni mwa mbwa kuliko yako. Malvina hakulia. Alipiga magoti, akamfungua mbwa, akaukunja mshipi wake, akatoka. Hakurudi tena. Nyumbani kwao alichukua mshipi wa baba yake, aliosukiwa na Ursule zamani, akaufumua uzi mmoja mmoja akitazama kila uzi ulikotoka, kisha akausuka upya. Akaufumua tena. Kiangazi chote kile Ignace alitembea ameshikilia suruali kwa mkono. Kufika vuli mshipi ule ulikuwa umesukwa mara tano, na binti alikuwa amejua.

Tangu hapo Malvina akawa anasuka kwa ajili ya wenye maduka mjini. Ursule aliposikia, aliguna. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema, na kwa miaka kumi na mmoja hakulitaja jina la yule binti wa kaka yake ila kwa kulitemea mate.

Sasa, mwaka ambao Athanase alichaguliwa kuwa chifu mkuu, mambo yakageuka. Athanase huyu, Mungu anisamehe, alikuwa debe tupu. Ujanani alifuatana na Barthélemy kuwinda akapotea msituni mahali ambapo kengele ya kanisa inasikika. Lakini alikuwa na sauti nene, na kifua, na mke aitwaye Éléonore aliyejua kula na wajumbe wa baraza. Gavana wa Malkia alikuwa amepanga kuja kwetu kumpa mkono siku ya Jumatatu kabla ya Jumatano ya Majivu. Na chifu mkuu hapokei gavana bila mshipi mpya wa shanga uliopita begani. Athanase akaja kwa Ursule mwezi wa Novemba.

"Hodi, mama Ursule."

"Hodi ya nini, na umeshaingia na theluji yote miguuni?"

"Nimekuja kwa jambo la taifa."

"Ala! Taifa ndilo limekutuma kunimwagia maji sakafuni?"

Athanase akacheka kicheko cha chifu. Akaeleza habari ya gavana. Akasema anataka shanga nyingi, nyingi kuliko za chifu aliyepita.

"Utapata zinazotosha mshipi," Ursule akamjibu. "Zinazotosha majivuno yako hazipo madukani. Simama nikupime."

Akampima kwa kamba kutoka begani hadi nyongani. Athanase akaingiza tumbo.

"Toa pumzi, bwana. Siku ya gavana utakula, na hilo tumbo litarudi kwao."

Athanase akatoa pumzi, na pamoja na pumzi likamtoka neno ambalo hakupaswa kulisema. "Kama una kazi nyingi, mama, usijisumbue. Baraza lilisema hata Malvina anaweza."

Ursule akaiviringa kamba yake polepole. "Malvina," akasema. "Utasimama mbele ya Gavana na mshipi wa dukani? Rudi kwako. Utakuwa tayari, na ukipata ushanga mmoja umekosewa, niite kibaraka wa Malvina mpaka nife."

Hapo alikuwa ameweka jina lake lote mezani. Na kulikuwa na jambo ambalo alilijua yeye peke yake: macho yalikuwa yanamfia. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaingia jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa linafuata. Miwani hakutaka kuisikia; miwani ilikuwa ya makarani. Alisema moyoni kwamba mkono unaojua hauhitaji jicho, akawa anahesabu shanga kwa kidole gumba.

Na kweli mkono ulijua. Mshale wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka. Alikuwa katikati ya mshale wa tatu, alasiri moja ya Desemba, Éléonore mke wa chifu alipoingia bila hodi, amevaa shali mpya, akaja kuuliza kama mshipi wa mumewe hauwezi kuongezwa shanga za manjano.

"Za manjano?" Ursule akauliza, vidole vikiendelea.

"Zing'ae. Gavana anatoka mbali."

"Éléonore, mumeo akitaka kung'aa mpake mafuta. Mimi nasuka mshipi, sisuki kinara. Na hiyo shali uliyovaa, aliyeifuma alikuwa anakimbizwa?"

Akampa vidonge vyake vyote, vya shali, vya mume, vya mama yake Éléonore aliyeshindwa kupika hata uji wa mahindi usiungue. Yule mwanamke akatoka analia. Ursule alifurahi sana, na katika kufurahi huko shanga mbili nyeupe zilibaki chini ya kidole gumba bila kusukumwa. Uzi ukapita mtupu. Kwenye ukingo wa mshale wa tatu pakabaki pengo dogo jekundu, na yeye akashuka mshale wa nne bila kujua. Jioni aliviringa sehemu iliyokwisha ndani ya kitambaa cha kitani, kama ilivyo desturi, ili isishike moshi.

Nusu ya kwanza ilipokwisha, sikukuu ya Noeli ikiwa imepita, alikuta shanga mbili zimezidi kwenye uzi. Mtu mwingine angejiuliza. Ursule akazing'oa akazitupa kwenye kopo. "Yule mjinga Éléonore alinichanganya nilipokuwa natunga," akasema. Siku ya kutunga Éléonore hakuwepo kabisa.

Sikukuu ya Epifania, akitoka misani, alisimama kwenye ngazi ya kanisa akageuka nyuma ili amwambie mke wa mwimbishaji kwamba mumewe anaimba kama mlango usiopakwa mafuta. Hakuwahi kulimaliza hilo neno. Ngazi ilikuwa barafu tupu. Mfupa wa mkono wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kiganja, na kishindo kilisikika. Mganga wa mifupa akaunyoosha, akaufunga kwa vibao, akasema wiki saba. Gavana alikuwa anakuja baada ya wiki sita.

Baraza likaja zima, limevua kofia. Hakuna aliyethubutu kulitamka lile jina. Ursule aliwatazama wakiyumba pale mlangoni, akawafukuza. Siku ya tatu alijaribu kusuka kwa mkono wa kushoto na meno, akaacha. Kisha akamwita mtoto wa jirani akamwambia, "Nenda kamwite yule." Baniani mbaya kiatu chake dawa.

Malvina alikuja asubuhi. Alikuwa mwanamke mzima sasa, miaka ishirini na sita, na maneno mengi ya utoto yalikuwa yamemwisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nawa mikono. Na ukitoka hapa usiende kuwaambia watu umesuka mshipi wa chifu. Umeniazima vidole, basi."

"Sawa."

Akanawa. Akafungua kile kitambaa cha kitani juu ya meza ili aihesabu nusu ya kwanza kabla ya kuanza ya pili. Alihesabu kwa macho na kwa midomo. Alipofika mshale wa tatu, midomo ikasimama. Akarudi nyuma, akahesabu tena. Ursule alikuwa kwenye kiti chake karibu na moto, mkono umefungwa kifuani, akiona kivuli tu kimeinama.

"Shangazi, hapa kwenye mshale wa tatu. Umeacha?"

Loo, neno gani hilo la kumuuliza Ursule! Kuulizwa, tena na huyu.

"Nimeacha, sijaacha, wewe inakuhusu nini?" akawaka. "Umeitwa kusuka au kukagua? Nusu yangu ndiyo sheria yako. Ukiona nimeweka, weka. Ukiona nimeacha, acha. Miaka arobaini watu hawajaniuliza, uje uniulize wewe wa madukani?"

Malvina alilitazama tena lile pengo. Kulirekebisha lile kosa kungetaka kufumua karibu nusu nzima, kazi ya wiki nyingi, na wiki hazikuwepo. Lakini angeweza kulisema. Angeweza kumshika yule bibi kidole akamwekea pale penye pengo. Hakufanya hivyo.

"Sawa, shangazi," akasema. Akageuza mshipi, akautundika kwenye kigingi, akaanza. Na alipofika mshale wa tatu akaacha shanga mbili, pale pale, kama alivyoamriwa.

Wiki tano na ushei walikaa hivyo, mmoja akisuka na mwingine akitukana. "Unavuta sana." "Umelegeza." "Huo ni mkono wa mtu mwenye njaa, kale kwanza." Malvina alijibu sawa, sawa. Jioni, yule akishaondoka, Ursule alisimama akaugusa mshipi kwa vidole vya mkono wa kushoto, akitafuta mahali ambapo mkono wake uliishia na mkono wa Malvina ukaanzia. Alianzia mwisho akapanda mpaka kwenye kijiti cha katikati. Hakupaona. Alitafuta kila jioni, na kila jioni hakupaona, na jambo hilo lilimtia hofu ambayo hakuwahi kuijua. Asubuhi iliyofuata alitukana mara mbili ya jana. Vidole vyake vilikuwa vikitafuta ule mpaka tu. Kuhesabu shanga hakuona sababu, hesabu ilikuwa yake.

Jumatatu ya Gavana ilifika na baridi ya kupasua miti. Magari ya kuteleza thelujini, ya kukokotwa na farasi, yalipanda kutoka mjini na kengele zake, yakashusha mabwana na mabibi waliofungwa manyoya mpaka puani. Ndani ya ukumbi wa baraza tulikuwa tumebanana. Athanase alisimama mbele na manyoya yake kichwani, bangili za fedha mikononi, na mshipi begani. Katikati yake ilikaa juu ya bega, nusu moja ikashuka kifuani, nusu ya pili ikashuka mgongoni. Mtasema nampendelea Ursule, lakini mshipi ule ulimfanya hata Athanase aonekane mtu. Alihutubu kwa lugha ya wazee wetu, hotuba aliyoikariri siku kumi na asiyoielewa nusu yake. Gavana naye hakuielewa, kwa hiyo walikuwa sawa. Kisha sagamité ikapakuliwa, ule uji wetu mzito wa mahindi, maharagwe na nyama. Gavana akala kijiko kimoja, akasifu.

Miongoni mwa wageni alikuwepo bwana mmoja wa miwani mwenye daftari, wale watu wanaopanda kwetu kuja kutuandika. Akamkaribia Athanase, akainama kifuani pake mpaka pua ikakaribia kugusa sufu. Akazunguka mgongoni. Akarudi mbele, macho yameng'aa.

"Chifu mkuu, samahani. Shanga zote zimekamilika, ila hapa, kwenye mshale wa tatu, kuna pengo. Na mgongoni, mshale wa tatu, pengo kama hili. Lina maana gani?"

Athanase alijitazama kifua. Hakuwa ameliona. Lakini mtu kama yule hajawahi kukosa jibu maishani mwake.

"Aaah," akasema kwa ile sauti nene. "Umeona mbali, bwana. Hiyo ni milango. Mlango wa mbele ndimo walimopita wazee wetu walipotoka nchi ya maziwa makubwa ya magharibi. Mlango wa nyuma ndimo zinamorudi roho zao. Ni siri ya zamani sana. Hatuisemi ovyo."

Penseli ikakimbia kwenye daftari. "Milango!" bibi mmoja wa mjini akasema, akafuta chozi. Watu wetu wenyewe, waliozaliwa hapa hapa na hawajawahi kusikia habari ya milango, wakaanza kutikisa vichwa kama kwamba wamenyonya siri hiyo kwa mama zao.

Ursule alikuwa amekaa benchi la mbele. "Pengo gani?" akauliza. Akainuka, akaenda mpaka kwa chifu, akamwekea kidole kifuani mbele ya Gavana wa Malkia. Akahesabu kutoka begani, mshale wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole kikasimama. Kikarudi juu, kikashuka tena taratibu. Niliuona uso wake, na sitaki kuuona uso wa namna hiyo mara ya pili.

Angeweza kunyamaza. Sifa zilikuwa zimeshapakuliwa, alitakiwa kula tu. Lakini Ursule hakuweza kuwavumilia wajinga maisha yake yote, na sasa ukumbi mzima ulikuwa umejaa wajinga wanaoabudu upumbavu wake mwenyewe.

"Hakuna milango," akasema kwa sauti. "Ni kosa. Nilikuwa namtukana Éléonore nikasahau kuhesabu. Mimi ni kipofu tangu mwaka jana na nimewaficha. Na nusu ya mgongoni si yangu, ni ya Malvina, binti wa kaka yangu, na haina kosa lolote. Yeye amefuata alichoambiwa na kipofu. Aliyeharibu ni mimi."

Athanase akacheka, akamshika bega.

"Mama Ursule! Mnamsikia? Anaificha siri. Hawa wazee wetu ndivyo walivyo."

"Siifichi siri, zuzu we! Nakwambia umevaa kosa!"

"Kaa, mama, kaa," akamnong'oneza akiuma meno. "Unaniaibisha."

Bwana wa miwani alikuwa ameshika mkono kifuani. "Unyenyekevu ulioje," akasema, akaandika na hilo pia. Watu wakampigia makofi. Ursule alisimama katikati ya makofi yale akigeuza kichwa huku na huku, akiwatukana, na kadiri alivyotukana ndivyo walivyozidi kupiga. Miaka arobaini alisema uongo kidogo juu ya kazi zetu ili atuumize, na sisi tukaamini kila neno. Siku hiyo moja alisema kweli tupu, na hakuna aliyemwamini ila mwanamke mmoja aliyesimama ukutani, ameinamisha kichwa.

Mkono ulipona ukiwa umepinda, na Ursule hakusuka tena. Kiangazi cha pili baada ya hapo, alasiri moja, alitoka nyumbani peke yake akashika uzio kwa mkono, akaufuata mpaka nyumba ya Malvina. Hakuwahi kukanyaga pale. Malvina alikuwa kibarazani, amekaa mbele ya kigingi.

"Karibu, shangazi. Kuna kiti kushoto kwako."

Ursule hakukaa. Alinyoosha mkono hewani mpaka akaugusa mshipi uliokuwa ukining'inia, akaanza kuupapasa kutoka juu. Mshale wa kwanza, wa pili. Wa tatu. Akatoa mkono kwa haraka.

"Umeacha shanga mbili!"

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Ndivyo wanavyotaka, shangazi. Mjini wanaiita mishipi ya milango. Na hapa kwetu hivyo hivyo. Mwezi uliopita Éléonore alinirudishia mmoja. Alisema nimekosea, nimeziba milango."

"Nimeziba," Ursule akarudia. Sasa akakaa. Akauweka mkono uliopinda juu ya paja. "Wote? Hakuna anayejaza?"

"Wanawake wanne wanasuka sasa. Wote wanaacha. Nami naacha, la sivyo watasema sijui."

"Lakini unajua."

"Najua."

Yule bibi akamgeukia. "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilikuuliza, shangazi."

"Uliniuliza mara moja tu!"

Malvina alivuta uzi mwekundu, akaupitisha chini ya wa buluu.

"Siku ile nilipokuwa nasuka," Ursule akasema, na sauti yake haikuwa na dharau hata kidogo, wala hatukuwahi kujua kwamba anayo sauti nyingine, "mwezi wa Desemba, Éléonore alipoingia. Kama ungekuwa umekaa pale pembeni yangu, na sufu yako, ungeliona?"

"Ningeliona pale pale."

"Ungesema?"

Malvina akafikiri. Hakuwa mtu wa kumpunguzia mwenzake uchungu kwa uongo. Kazi ile hairuhusu.

"Kama ungenilea wewe, shangazi, ningesema."

Ursule akainamisha kichwa. Malvina akarudi kwenye kazi yake, akisukuma shanga na kuzihesabu kwa sauti ya chini ili yule asiyeona asikie.